Fani Mbili kwa Mtu Mmoja: Jinsi ya Kupima Haki Mezani

Wahenga walisema, "Mshika mbili moja humponyoka." Methali hii twaisikia tangu utotoni, na mara nyingi ni kweli. Lakini wako watu washikao mbili na zote wasiziachie, na hao wenzao huwaonea wivu au huwashuku kuwa wamedanganya. Katika makala hii nataka kueleza jinsi ya kujua, kwa hesabu wala si kwa makelele, kama mtu aliyeshika mbili amepata zaidi ya haki yake au amepata haki yake tu. Mfano wangu nimeutoa katika mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao baadhi yetu huucheza siku za Jumamosi baada ya usafi. Hata msomaji asiyeujua mchezo huu naamini ataweza kunifuata, maana hesabu zenyewe ni za wastani na uwezekano tu.

Naanza kwa kuungama. Muhula uliopita mimi ndiye niliyekuwa msimulizi, yaani mwamuzi wa mchezo, nami nilimhukumu mwenzangu mmoja kabla ya kupima. Aliondoka mezani akiwa na uchungu, wala hakurudi kwa majuma matatu. Makala hii imetokana na kosa hilo.

MCHEZO WENYEWE

Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, na kila mmoja humchukua mhusika wake katika hadithi. Msimulizi hueleza mahali walipo na maadui wanaowakabili, na kila mchezaji husema mhusika wake atafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu hutupwa. Dadu kubwa katika mchezo huu ina pande 20. Mchezaji huitupa, huongeza nyongeza zake, na akifikia kinga ya adui, pigo limempata. Kila mhusika ana alama za uhai, zikiisha, ameanguka.

Kila mhusika ana fani yake. Mpiganaji hujua silaha na deraya. Mchawi hujua maneno ya nguvu aliyojifunza vitabuni. Kasisi, mjanja, na wengineo wana kazi zao. Kadiri hadithi inavyoendelea, mhusika hupanda madaraja, kuanzia la 1 hata la 20, na kila daraja humpa uwezo mpya katika fani yake.

Basi pana ruhusa moja ambayo imezusha ubishi tangu zamani: mhusika mmoja aweza kuwa na fani mbili au zaidi. Aweza kupanda madaraja kadha katika upiganaji, kisha akageuka akapanda katika uchawi. Swali ni hili: je, mtu huyo ni mwenye nguvu kupita wenzake, au ni dhaifu kuliko wote?

BEI YA FANI YA PILI ILIVYOBADILIKA

Kabla ya kujibu, hatuna budi kuuliza fani ya pili inauzwa bei gani. Bei hiyo imebadilika sana, na ajabu ni kwamba watu huendelea kubishana kana kwamba ni ile ile.

Katika kanuni za mwaka 1989, ambazo zilikuwa toleo la pili la mchezo, kabila za hadithi kama vile elfi ziliruhusiwa kufuata fani mbili kwa wakati mmoja. Alama za uzoefu walizozipata ziligawanywa sawasawa kati ya fani hizo. Mtu akisikia hivyo hudhani ya kuwa mwenye fani mbili atabaki nyuma nusu ya njia. Lakini tazama hesabu. Mpiganaji alihitaji alama 2,000 kufika daraja la 2, alama 4,000 kufika la 3, 8,000 kufika la 4, 16,000 kufika la 5, na 32,000 kufika la 6. Kila daraja liligharimu mara mbili ya lililotangulia.

Sasa chukua wahusika wawili wenye alama 32,000 kila mmoja. Wa kwanza ni mpiganaji mtupu: yuko daraja la 6. Wa pili ni elfi aliyegawa alama zake, 16,000 huku na 16,000 huku. Upande wa upiganaji amefika daraja la 5. Upande wa uchawi, ambako daraja la 4 lilihitaji alama 10,000 na la 5 alama 20,000, amefika la 4. Kwa hiyo alipoteza daraja moja tu la upiganaji, naye akapata madaraja manne ya uchawi! Kweli alama zake za uhai zilipunguzwa, maana zilihesabiwa kwa wastani wa fani mbili. Na kanuni ziliwawekea elfi na wenzao mpaka wa daraja wasioweza kuuvuka. Lakini mpaka huo ulikuwa mbali, na michezo mingi huisha kabla ya kuufikia. Bei ilikuwa rahisi mno.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliigeuza hesabu. Katika toleo hilo madaraja hujumlishwa. Mhusika wa daraja la 6 aweza kuwa mpiganaji wa 6, au mpiganaji wa 3 na mchawi wa 3. Lakini hawezi kuwa wa 5 na wa 4. Kila daraja alipatalo katika fani moja amelikosa katika nyingine. Toleo la tano, la mwaka 2014, ambalo ndilo tulilocheza sisi, lafuata njia hiyo hiyo. Tena linadai ya kwamba mhusika awe na kipimo cha 13 au zaidi katika sifa kuu ya kila fani anayoitaka. Mpiganaji atakaye uchawi lazima awe na akili ya 13, na alama hizo angaliweza kuzitumia kwingine.

Funzo la kwanza basi ni hili: usihukumu mchanganyiko kwa jina lake. Mpiganaji-mchawi wa 1989 na mpiganaji-mchawi wa 2014 wana jina moja, lakini mmoja alinunua kwa bei ya chini na mwingine kwa bei kali.

DARAJA LA TANO NI MLANGO

Katika kanuni za 2014 madaraja hayana thamani sawa. Yako madaraja madogo, na liko moja ambalo ni kama mlango wa nyumba, nalo ni la 5. Mpiganaji akifika la 5 hupiga mapigo mawili katika zamu moja badala ya moja. Mchawi akifika la 5 hujifunza uchawi wa ngazi ya tatu, ambao ndani yake limo tufe la moto. Mtu agawaye madaraja yake kabla ya kufika mlango huo hubaki nje wakati wenzake wamekwisha kuingia.

Tupime kwa hesabu. Mpiganaji wa daraja la 5 ana upanga wa mikono miwili. Madhara ya upanga huo ni jumla ya dadu mbili za pande sita, ambayo wastani wake ni 7. Nguvu zake ni 18, nazo humpa nyongeza ya 4. Na ustadi wa daraja la 5 humpa nyongeza ya 3. Kwa hiyo kila pigo lina nyongeza ya 7 katika kulenga, na likipata huleta madhara ya 7 na 4, yaani 11. Adui ana kinga ya 15. Ili kuifikia, dadu lazima ionyeshe 8 au zaidi. Namba hizo ni 13 kati ya 20, yaani asilimia 65. Mapigo ni mawili. Basi:

Mapigo 2 × 0.65 × 11 = 14.3 kwa kila zamu.

Mwenzake pia ni wa daraja la 5, lakini amegawa: matatu ya upiganaji na mawili ya uchawi. Hajafika daraja la 4 katika fani yo yote, kwa hiyo hajapata ile ruhusa ya kuongeza sifa inayotolewa katika daraja hilo. Nguvu zake zimebaki 16, na nyongeza ni 3. Kulenga kwake ni 6; dadu lazima ionyeshe 9 au zaidi, yaani asilimia 60. Pigo lake ni moja tu, lenye madhara ya 10.

Pigo 1 × 0.60 × 10 = 6.0 kwa kila zamu.

Katika pigano la zamu nne, wa kwanza ataleta madhara ya 57.2, na wa pili 24. Tofauti ni zaidi ya nusu! Na mchawi mtupu wa daraja la 5 naye? Tufe lake la moto hutupwa kwa dadu nane za pande sita, wastani 28. Adui akifaulu kukwepa huumia nusu tu. Tukisema nusu ya maadui hukwepa, wastani ni 21 kwa kila adui. Likiwaangukia watatu, ni madhara ya 63 katika zamu moja. Huyu mwenye fani mbili hana mapigo mawili, wala hana tufe la moto. Ameshika mbili na zote zimemponyoka.

Lakini sasa subiri kidogo, tuwatazame tena katika daraja la 7. Mpiganaji mtupu wa 7 ameongeza sifa mara mbili, katika la 4 na la 6, na nguvu zake ni 20. Kulenga kwake ni 8, hupata kwa asilimia 70, na kila pigo lina madhara ya 12.

Mapigo 2 × 0.70 × 12 = 16.8.

Mwenzake safari hii alingoja. Alipanda upiganaji hata la 5, akaingia mlangoni, ndipo akachukua madaraja mawili ya uchawi. Nguvu zake ni 18, naye hupiga kama yule mpiganaji wa daraja la 5 tuliyemwona juu: 14.3. Amepoteza 2.5 kwa kila zamu, yaani kadiri ya asilimia 15 tu. Tena alama zake za uhai zimepungua kama 4, maana wastani wa daraja la mpiganaji ni 6 na la mchawi ni 4.

Watu hawa wawili wenye fani mbili wana fani zile zile, na madaraja ya uchawi yale yale mawili. Mmoja alikuwa mzigo kwa wenzake, mwingine ni mtu wa kutegemewa. Kilichowatofautisha ni wakati. Funzo la pili basi: usiulize tu "Amechanganya nini?" Uliza pia "Amechanganya lini?"

MWENZANGU "ASIYEPIGIKA"

Sasa nieleze kosa langu. Mwenzangu alikuwa na mhusika kama huyu wa mwisho, mpiganaji wa 5 na mchawi wa 2. Jioni moja kundi lilipigana na majambazi katika daraja la mto. Mwenzangu alijua uchawi uitwao Ngao, ambao mtu huutumia mara tu apigwapo, na kinga yake huongezeka kwa 5 mpaka zamu yake ifuatayo. Majambazi walimpiga, akainua ngao. Wakampiga tena, akainua. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mwisho wa pigano wenzake wawili walikuwa wameanguka, naye alikuwa na mikwaruzo tu. Meza nzima ilipiga kelele, "Huyu hapigiki! Huu si mchezo tena!" Nami msimulizi nikaamua pale pale ya kwamba mchanganyiko huo ni marufuku, na kwamba lazima abadilishe mhusika wake. Aliniuliza neno moja tu: "Umepima?" Sikuwa nimepima.

Nilipopima, haya ndiyo niliyoyaona. Kinga yake ya kawaida ilikuwa 17. Jambazi mwenye nyongeza ya 5 humpata dadu ikionyesha 12 au zaidi, ambazo ni namba 9 kati ya 20, yaani asilimia 45. Ngao ikiinuliwa, kinga ni 22, na dadu lazima ionyeshe 17 au zaidi: namba 4 tu, asilimia 20. Kwa kuwa ngao huinuliwa baada ya pigo kupata, katika zile namba 9 ziletazo pigo, 5 hugeuka kuwa bure. Tuseme kila pigo la adui lina madhara ya 9. Basi ngao moja huzuia kwa wastani 9 × 5/9, yaani madhara 5. Tena likiwapo pigo la pili kabla ya zamu yake, huzuia 9 × 0.25, yaani 2.25. Jumla ni 7.25 kwa kila ngao.

Mchawi wa daraja la 2 ana nafasi tatu za uchawi kwa siku. Akipumzika saa moja aweza kurudisha nafasi moja, mara moja tu kwa siku. Zilizobaki hurudi baada ya kulala usiku. Kwa hiyo ana ngao nne kwa siku nzima, wala si zaidi.

Sasa chukua siku yenye mapigano matatu, kila moja la zamu nne. Zamu ni 12. Katika upigaji amepoteza 2.5 × 12, yaani 30. Katika kujikinga amepata 7.25 × 4, yaani 29. Thelathini kwa ishirini na tisa! Najua ya kwamba madhara unayomletea adui na madhara unayojizuilia si kitu kimoja, na mtu asiyaweke katika mizani kama sukari na sukari. Lakini kwa kadiri mizani iwezavyo kusema, mwenzangu hakuwa amemdhulumu mtu. Alikuwa amenunua kwa bei yake.

Kwa nini basi tulimwona hapigiki? Kwa sababu siku ile nilileta pigano moja tu, kisha kundi likaenda kulala. Siku yenye pigano moja, hasara yake ni 2.5 × 4, yaani 10, na faida yake ni ngao tatu, yaani kama 22. Aliweza kumwaga kibaba chake chote katika chungu kimoja. Na nilipokumbuka vizuri, niligundua ya kwamba mapigano yangu yote ya muhula ule yalikuwa hivyo, moja kwa siku, kwa kuwa saa zetu za Jumamosi ni chache na nilitaka kila jioni iwe na kishindo. Upungufu ulikuwa katika usimulizi wangu. Yeye alikuwa amefuata kanuni, nami nikamwadhibu.

Funzo la tatu: pima siku nzima, usipime pigano moja. Mhusika ambaye uwezo wake huisha na kurudi asubuhi huonekana jitu katika siku fupi; na mhusika ambaye upanga wake hauishi huonekana wa kawaida mpaka siku irefuke.

WAKATI MASHTAKA YANAPOKUWA YA KWELI

Msomaji asidhani nasema kila mchanganyiko ni wa haki. La. Iko michanganyiko iliyo na kasoro ya kweli, na hata waandishi wa mchezo wameikiri kwa kuirekebisha. Alama zake ni mbili.

Alama ya kwanza ni fani itoayo mali yake yote mlangoni. Mwaka 2017 kilitoka kitabu cha nyongeza ambamo mchawi wa mapatano, yaani yule apataye nguvu zake kwa ahadi na kiumbe fulani, aliweza tangu daraja la 1 kupiga upanga kwa haiba yake badala ya nguvu za mwili. Sasa askari mtakatifu, ambaye kwa kawaida huhitaji nguvu kwa ajili ya upanga na haiba kwa ajili ya uchawi, alichukua daraja moja tu la fani ile, na tangu hapo akahitaji haiba peke yake. Kwa daraja moja alifutiwa deni la maisha yake yote. Hii ni bei ya shilingi moja kwa ng'ombe mzima.

Alama ya pili ni fani moja kuilisha nyingine mafuta. Nafasi za uchawi za huyo mchawi wa mapatano hurudi kila apumzikapo saa moja. Askari mtakatifu ana uwezo wa kuteketeza nafasi yo yote ili kuongeza madhara ya upanga. Ukiviunganisha, kile kilichowekwa kuwa adimu hakiwi adimu tena. Hapa hesabu si kujumlisha bali ni kuzidisha, na ndipo mizani huvunjika.

Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 ziligusa mambo haya. Matawi ya kila fani sasa huanza katika daraja la 3, hata mtu hawezi kuchota utamu kwa daraja moja. Pigo la askari mtakatifu limewekewa mpaka wa mara moja kwa zamu. Na mpiganaji, ambaye zamani katika ule uwezo wake wa kutenda mara mbili kwa zamu aliweza kutoa uchawi mara mbili, sasa hawezi kuutumia uwezo huo kwa uchawi.

Kinyume chake, iko michanganyiko inayoogopwa bure. Askari mtakatifu wa 5 na mpiganaji wa 5 hawana mapigo matatu. Mapigo mawili ya fani moja hayajumlishwi na mawili ya nyingine. Mtu huyo amelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Usimwonee wivu, mwonee huruma.

MASWALI MATANO YA MWAMUZI

Kwa hiyo kabla ya kusema "marufuku," mwamuzi na ajiulize maswali haya:

1. Je, nimemlinganisha na mhusika wa fani moja wa daraja lile lile, aliyetengenezwa vizuri? Ukimlinganisha na aliye dhaifu, kila mtu ataonekana jitu.

2. Je, nimempima katika madaraja tunayoyacheza? Wako wanaoleta karatasi ya daraja la 20 yenye maajabu, na hadithi yenyewe itakwisha daraja la 7.

3. Je, nimepima siku nzima?

4. Je, fani zake zinajumlishana au zinazidishana?

5. Je, amemnyang'anya mwenzake kazi? Hili si la hesabu, lakini ni kubwa kuliko yote. Kama mezani yuko mjanja ambaye furaha yake ni kufungua makufuli, na mwenye fani mbili hufungua makufuli vizuri kuliko yeye, basi hata kama hesabu ni sawa, yuko mtu ambaye Jumamosi yake imeharibika.

MWISHO WA MAMBO

Nilimfuata mwenzangu bwenini nikiwa na karatasi yangu ya hesabu. Nilimwambia, "Nilihukumu kabla ya kupima. Niwie radhi." Aliisoma karatasi yote, akanionyesha mahali nilipokosea kujumlisha, kisha akacheka. Jumamosi iliyofuata alirudi na mhusika wake yule yule. Mimi nilileta mapigano matatu mafupi badala ya moja refu, na katika lile la tatu ngao zake zilikuwa zimekwisha. Aliyeokoa kundi siku ile alikuwa mpiganaji mtupu, ambaye upanga wake haukuwa na haja ya kupumzika. Hakuna aliyepiga kelele.

Mchezo ni mchezo tu, lakini tabia ya kuhukumu kwa tukio moja hatuiachi mezani. Twaichukua darasani, bwenini, na hata majumbani mwetu. Mtu akionekana kuwa na zaidi yetu, tuulize kwanza amelipa nini na lini. Huenda amedhulumu, na huenda amelipa bei ambayo sisi hatukuwapo kuiona.

MAZOEZI

1. Adui ana kinga ya 18. Tafuta wastani wa madhara kwa zamu ya mpiganaji mtupu wa daraja la 5, na ya yule mwenye upiganaji wa 3 na uchawi wa 2.

2. Siku ina mapigano mawili ya zamu nne, na kundi limepumzika saa moja kati yake. Je, mwenye ngao amepata faida au hasara, na kiasi gani?

3. Kwa maneno yako mwenyewe, eleza kwa nini gharama ya kila daraja ikiongezeka maradufu, kugawa alama nusu kwa nusu humrudisha mtu nyuma daraja moja tu.

Majibu: (1) 11 na 4.5. (2) Hasara 20, faida 29. Amezidi kwa 9. (3) Jibu la tatu jaribu mwenyewe, kisha umweleze mwenzako asiyependa hesabu. Akielewa, nawe umeelewa.